Temperance: neno la kipimo lililogeuka kuwa katazo

Kamusi za Kiingereza hulipa neno temperance maana mbili, na huziandika moja chini ya nyingine kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ni tabia ya kuwa na kiasi katika kula, kunywa, kusema na kutamani. Ya pili ni kutokunywa pombe hata tone. Mtu aliyeketi kwenye baa ya Sinza, akanywa bia moja na mishikaki yake, akalipa na kwenda zake kulala, ana temperance kwa maana ya kwanza na hana kabisa kwa maana ya pili. Mimi hupata riziki kwa kuhariri tafsiri, nyingi zikiwa vitabu vya ibada na vijarida vya afya vinavyochapishwa hapa Dar es Salaam, na neno hili hunijia mara kwa mara likiwa limevaa maana moja au nyingine bila kujitambulisha. Msimamo wangu ni kwamba maana hizi mbili si ndugu: ya pili ilizaliwa kwa kuivunja ya kwanza, na mfasiri asiyeijua historia hiyo ataandika jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini temperare, yaani kuchanganya vitu kwa kipimo hadi vipatane. Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na desturi ya kuchanganya mvinyo na maji kabla ya kuunywa, na aliyeunywa mtupu alihesabiwa kuwa mshenzi. Ndiyo maana wachoraji wa Ulaya, kwa karne nyingi, waliichora fadhila hii kwa sura ya mwanamke anayemimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, akipunguza ukali wa mvinyo. Aliyekiona kitendo hicho kama asili ya neno hawezi kukosa kushangaa kwamba katika karne ya 19 neno hilohilo liliandikwa kwenye mabango ya watu waliotaka mvinyo wote umwagwe.

Kitenzi hicho kina watoto wengi katika Kiingereza, nao husaidia kuona umbo la familia. Temperature ni kipimo cha joto. Temperament ni tabia ya mtu, kwa sababu waganga wa zama za kati waliamini kuwa tabia hutokana na jinsi majimaji manne ya mwili yalivyochanganyika. Hata Shakespeare, katika mchezo wa The Tempest, anamweka mhusika mmoja aseme temperance akikusudia uanana wa hali ya hewa ya kisiwa, kisha mwenzake anamkejeli kwa kujifanya amesikia jina la msichana. Temper, ambalo leo watu wengi hulijua kwa maana ya hasira, lilikuwa mwanzoni na maana ya mchanganyiko uliotulia. Ndiyo sababu Mwingereza aliyekasirika husemekana ameipoteza temper yake, ingawa kwa maana ya leo ungedhani ndiyo kwanza ameipata.

Mtoto ninayempenda kuliko wote ni yule wa karakana. Fundi chuma yeyote, awe wa Gerezani au wa Sheffield, anajua kwamba chuma cha pua kilichopashwa moto mkali kisha kikatoswa majini huwa kigumu sana, lakini ugumu huo huambatana na wepesi wa kuvunjika. Baada ya kukitia matiko kwa namna hiyo, hukirudisha kwenye moto wa wastani, akakipunguzia ugumu kidogo ili kiweze kuhimili pigo. Kazi hiyo ya pili ndiyo ambayo Kiingereza huita to temper. Kwa hiyo katika karakana kitenzi hiki hakina maana ya kukaza, kama wahubiri wengi wanavyodhani. Kina maana ya kulegeza kwa kipimo kile kilichokazwa kupita kiasi.

Aliyelipandisha neno hili daraja hadi kwenye falsafa ni Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma ya kale, alipotafuta Kilatini cha kufasiri sophrosyne, yaani fadhila ya kiasi ya Wagiriki. Yeye mwenyewe anasema kwamba wakati mwingine aliiita temperantia, wakati mwingine moderatio, na mara nyingine modestia, jambo linalonifariji, kwa kuwa hata fundi mkubwa kama yeye hakupata neno moja la kutosha. Sophrosyne ilikuwa mojawapo ya zile fadhila nne ambazo Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alizipanga: hekima, ushujaa, kiasi na haki. Kwa Plato kiasi kilikuwa ni mapatano kati ya sehemu za nafsi juu ya nani atawale.

Aristotle, mwanafunzi wake, alikuwa na jicho kali zaidi, na hapo ndipo napenda kukaa. Alilibana eneo la fadhila hii: inahusu raha za mwili, hasa za mguso, yaani chakula, kinywaji na tendo la ndoa. Anatoa mfano wa mlafi aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo, kwa sababu alichofurahia ni chakula kikipita. Kwa upande wa pili wa ulafi aliweka upungufu, yaani mtu asiyehisi raha yoyote, akasema watu wa namna hiyo ni wachache mno hata hawajapewa jina. Jambo hili ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linasema wazi kwamba kutokutaka kitu chochote si fadhila, ni kasoro.

Kisha, katika kitabu cha saba cha maadili yake, Aristotle anatenganisha watu wawili ambao sisi tumezoea kuwachanganya. Tuwaweke kwenye harusi katika ukumbi wa Mwenge, mahali ambapo bia hupita mezani bila mgeni kuulizwa bei. Wa kwanza amekunywa mbili, ameridhika, na ya tatu inapopita mbele yake haimwiti. Anaendelea na mazungumzo. Wa pili naye amekunywa mbili, lakini ya tatu anaitamani kwa moyo wote, anaikodolea macho, anakumbuka ahadi aliyompa mkewe, anauma meno na kukaa. Kwa macho ya mpiga picha watu hawa ni sawasawa. Kwa Aristotle, wa kwanza tu ndiye mwenye sophrosyne. Wa pili ana enkrateia, yaani nguvu ya kujishinda, ambayo ni njema lakini bado ni vita. Yupo na wa tatu, ambaye ana dhamira kama ya huyo wa pili, anajua kabisa kwamba haifai, lakini anaichukua chupa. Kiingereza cha kitaaluma humwita wa pili continent na wa tatu incontinent, maneno ambayo leo yamehamia hospitalini na kuzungumzia uwezo wa kuzuia haja, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa falsafa hucheka bila kukusudia.

Tofauti hiyo ilififia katika Biblia za Kiingereza. Mtume Paulo, akiorodhesha tunda la Roho kwa Wagalatia, aliandika enkrateia, neno lenye mzizi wa nguvu na utawala. Wafasiri wa Biblia ya King James ya mwaka 1611 waliandika temperance, na matoleo mengi ya karne ya 20 yakabadilisha kuwa self-control. Biblia yetu ya Union, ambayo wengi wa Dar es Salaam waliosomeshwa Jumapili wanaikumbuka kwa sauti ya mchungaji wao, inasema “upole, kiasi, juu ya mambo kama hayo hakuna sheria.” Mzizi uleule unapotokea katika Wakorintho wa Kwanza, kuhusu mwanamichezo anayeshindania taji, Union inasema “hujizuia katika yote.” Wafasiri wale walifanya vizuri kuliko wanavyosifiwa. Mwanariadha anayekataa wali wa nazi majuma kadhaa kabla ya mbio anajizuia, maana wali anautaka. Tunda la Roho, lililowekwa jirani na upole na furaha, ni hali ya mtu aliyekwisha kupatana na nafsi yake, nalo neno kiasi linalibeba hilo vyema. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, kwa upande wake, unamshauri kijana aache kunywa maji matupu na atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, aya ambayo mashabiki wa katazo wamehangaika nayo tangu zamani.

Wanatheolojia wa zama za kati hawakuhangaika nayo. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alilipa neno temperantia maswali marefu, akaweka chini yake kufunga, kiasi cha kinywaji, usafi wa mwili na upole. Alikubaliana na Aristotle kwamba kukosa hisia za raha ni kasoro, akafika mbali zaidi na kusema kuwa mtu anayejinyima mvinyo kwa makusudi hata akaudhuru mwili wake vikali hatakosa lawama. Hadi wakati wa Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani ambaye katika karne ya 18 alijiandikia orodha ya fadhila 13 na kuiweka temperance ya kwanza, neno bado lilikuwa la kipimo: usile hata ukawa mzito wa akili, usinywe hata pombe ikakupanda kichwani. Franklin hakukataza glasi. Alikataza ile inayofuata baada ya ile iliyotosha.

Mapinduzi ya maana yalitokea katika karne ya 19, nayo yana sababu inayoeleweka. Pombe kali iliyokenekwa ilikuwa rahisi na nyingi, na ulevi uliharibu nyumba za wafanyakazi kwa namna ambayo bia na mvinyo wa zamani havikuwahi kufanya. Mwaka 1826 kilianzishwa Boston chama cha American Temperance Society, na viapo vyake vya mwanzo vilihusu pombe kali tu. Hadi hapo jina lilistahili. Lakini mwaka 1832, katika mji wa Preston kaskazini mwa Uingereza, Joseph Livesey na wenzake walitia saini kiapo cha kuacha vileo vyote, na mwaka uliofuata mmoja wa wafuasi, Richard Turner, akasemekana kulitoa neno teetotal, yaani asiyekunywa kileo hata kidogo. Lingekuwa jambo la busara kama wangelichukua neno hilo jipya kuwa jina lao na kuliacha temperance kwa watu wa kiasi. Hawakufanya hivyo. Waliwashinda wenzao wa kiasi ndani ya vyama vilevile, wakabaki na bango.

Tangu hapo neno likawa la jeshi. Padri Theobald Mathew wa Cork aliwaapisha Wairlandi kwa mamilioni kuanzia mwaka 1838. Zilifunguliwa hoteli za temperance zisizouza pombe. Hata biashara ya utalii, ambayo leo huwaleta wageni wanaopita uwanja wetu wa ndege wakielekea Zanzibar, ina deni kwa harakati hii: tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, Mwingereza aliyekuja kuwa wakala mashuhuri wa safari, aliwasafirisha kwa treni watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenda kwenye mkutano wa kupinga pombe, kwa shilingi moja kwenda na kurudi, na safari hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Wanawake wa Marekani walianzisha umoja wao mwaka 1874, ukawa shule ya siasa kwa watu ambao hawakuwa na kura. Marekani ikaingiza katazo kwenye katiba, likaanza kutumika Januari 1920 na kufutwa Desemba 1933. Ndani ya miaka hiyo mvinyo wa ibada uliruhusiwa na whisky ilipatikana kwa cheti cha daktari, na yasemekana afya za watu zilihitaji sana matibabu hayo. Katazo liliposhindwa lilimburuta na mtoa jina wake: watu waliokutana Akron mwaka 1935 na kuanzisha Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, walipendelea neno sobriety, yaani hali ya kutokuwa mlevi, na temperance likaanza kunuka vumbi.

Kuna upande wa habari hii ambao vitabu vya Kiingereza huutaja kwa haraka, nao ndio unaotuhusu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofahamika zaidi kwa kupinga biashara ya watumwa, ulichora ukanda barani Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ambamo uingizaji wa pombe kali ungezuiwa au kutozwa ushuru. Nchi yetu ilikuwa ndani ya ukanda huo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika chini ya Ligi ya Mataifa mwaka 1922, masharti yaliwataka wadhibiti kwa ukali uuzaji wa pombe kali. Watu wa temperance waliusherehekea mkondo huu kama ushindi wao. Sikatai kwamba biashara ya pombe kali ililiumiza bara hili. Lakini fadhila waliyoiimba huko kwao ilikuwa ya mtu kujizuia, na ilipovuka bahari kiambishi -ji- kilidondoka njiani, ikabaki kuzuia, na aliyezuiwa hakuulizwa.

Serikali huru nazo huzuia, kwa sababu zao. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe kali za viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vilivyokuwa vikiuzwa mpaka kwenye vituo vya bodaboda. Kiroba kimoja kilikuwa kiasi kidogo sana cha pombe, na udogo huo, pamoja na bei yake, ndio uliokifanya kiwe hatari: kilitoshea kwenye mfuko wa shati na kwenye uwezo wa mwanafunzi. Naliunga mkono katazo lile. Naliita katazo, wala silipambi kwa jina la fadhila.

Hapa nalazimika kukiri kwamba Kiswahili chetu hakikubaki salama. Neno kiasi, lililotoka kwenye Kiarabu cha kupima na kulinganisha, ni neno la jikoni na sokoni: chumvi kiasi, maji kiasi, amepona kiasi. Lina hata ukaidi wa kusema kinyume chake, maana “kwa kiasi kikubwa” ni kwa wingi. Lakini nenda kwenye kanisa lolote la Waadventista Wasabato, iwe Magomeni au Temeke, utakuta Idara ya Afya na Kiasi, na ukisikiliza somo lake utafundishwa kuacha kabisa pombe na tumbaku. Mtu wa nje atashangaa kiasi gani hicho ambacho ni sifuri. Wenyewe wana jibu, nalo ni zuri: kiasi cha kweli ni kuacha kabisa kilicho kibaya na kutumia kwa kadiri kilicho chema. Sentensi hiyo imeziweka maana mbili za temperance ndani ya nyumba moja bila kuzigombanisha. Ugumu umebaki mlangoni tu, kwenye kuamua kipi kiingie chumba gani, na chai ya rangi imewahi kusababisha mjadala mrefu.

Waislamu wa mji huu nao wanaishi na mpango unaofanana na huo bila kuhitaji neno moja la kuubeba. Kileo ni haramu, na haramu haina kiasi. Chakula ni halali, na halali ina kiasi, kwa sababu Kurani inaruhusu kula na kunywa kisha inakataza israfu. Hadithi ya Mtume inayogawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, hurudiwa misikitini kila Ramadhani, na kila Ramadhani meza za futari zenye magimbi, tambi, mihogo ya nazi na vitumbua huitia majaribuni. Mtu aliyefunga tangu alfajiri kisha akala magharibi hata akashindwa kusimama kwa tarawehe amefuzu katika kujizuia na kuanguka katika kiasi, ndani ya siku moja. Aristotle angempenda kama mfano.

Kwa matumizi ya leo, ushauri wangu kwa wenzangu wa kalamu ni huu. Ukikuta temperance katika maandishi ya kabla ya mwaka 1800, au katika orodha ya fadhila, andika kiasi na usiongeze neno. Ukikuta temperance society, temperance movement au temperance hotel, usithubutu kuandika “chama cha kiasi”. Hao ni wapinga pombe, na msomaji ana haki ya kujua hivyo. Abstinence ni kujinyima au kuacha kabisa. Moderation, ambalo limerithi sehemu kubwa ya kazi ya temperance, ni kiasi au wastani kutegemea muktadha. Forbearance ni la namna nyingine: ni kujizuia kwa mwenye haki ya kudai, kama mwenye nyumba wa Tandika anayemwachia mpangaji mwezi mwingine, na ustahimilivu hulifaa kuliko subira. Self-restraint ni kujizuia, na tukitaka ladha ya Kiswahili cha zamani kuna kujihini, neno ambalo nasikitika kuona limeachiwa washairi. Maneno “kunywa kistaarabu” kwenye matangazo ya bia ni tafsiri nzuri ya wazo lisilo na uhakika, kwa kuwa muuzaji anayekuomba usinunue sana hawezi kuaminiwa kikamilifu, lakini kama Kiswahili hayana kosa.

Limebaki tumizi moja ambalo wafasiri wa habari hulikosea. Magazeti ya Kiingereza yanapoandika kwamba mbunge alitumia intemperate language, nimeona ikifasiriwa kana kwamba alikuwa amelewa. Hakulewa. Alisema kwa ukali uliopita mipaka, na Kiswahili cha bungeni kina neno lake tayari: lugha isiyo ya staha.